Naogopa tiba itanisahaulisha mdogo wangu

Bi Mshauri,

Assalamu alaikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 36, nimeolewa na nina watoto wawili. Naishi Likoni na kazi yangu iko ng'ambo, kisiwani Mombasa. Nimeanza barua hii mara nne na kuichana, kwa hivyo naomba univumilie iwapo haitakuwa na mpangilio mzuri.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Agosti, nilikuwa nikirudi kutoka Nairobi kwa basi la usiku pamoja na mdogo wangu wa kike. Tulipofika Voi basi lilisimama, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Tuliporudi ndani, mdogo wangu alisema anahisi kichefuchefu, akaniomba nimpishe dirishani ambapo nilikuwa nimekaa mimi tangu mwanzo wa safari. Nikampisha. Haikupita saa moja tukagongana na lori, na upande uliobondeka ulikuwa ule wa dirisha letu. Mimi nilivunjika mbavu mbili na mkono. Yeye hakufa papo hapo. Nilimshika mkono kwa muda ambao mpaka leo sijui kama ulikuwa dakika kumi au saa nzima, mpaka mkono ukawa baridi. Habari hii ya kubadilishana viti sijamwambia mtu yeyote, si mume wangu wala mama.

Tangu siku hiyo mimi si mtu yule niliyekuwa. Kila asubuhi navuka kwa feri, na malori yanapowasha injini ili yashuke, ile harufu ya dizeli hunirudisha ndani ya basi kana kwamba sikutoka. Jasho hunitiririka, masikio huziba, na mara mbili nimejikuta nimesimama ng'ambo bila kukumbuka nilivyoteremka. Usiku nalala saa mbili au tatu, nikishindwa nanunua vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa. Watoto wangu wameshajua kwamba mlango ukibamizwa mama hupiga kelele. Ziko siku ninazotamani ningekufa mimi.

Sikukaa bure. Mama alinipeleka kusomewa, na nakiri kwamba kila baada ya kisomo nilipata utulivu wa siku kadhaa. Kisha nilikwenda kwa mshauri nasaha mmoja ambaye aliniambia nimshukuru Mungu nimebaki hai, jambo ambalo nilikuwa nikilifanya tayari. Wa pili, siku ya kwanza tu, alinitaka nimsimulie ajali yote tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu. Nilijaribu. Nilirudi nyumbani nikakaa siku tatu bila usingizi, nikawafokea wanafunzi wangu hadi mmoja akalia, na sikurudi tena kwa mtu yule.

Sasa mwalimu mwenzangu, ambaye aliwahi kuvamiwa na majambazi nyumbani kwake, ameniambia kuwa alipona kwa tiba ya kufuata kidole cha mtaalamu kwa macho huku akikumbuka lililompata. Mtaalamu wake yuko Nairobi. Mume wangu hakatai, ila anauliza kwa nini tulipe nauli na ada za mara nyingi ili mtu anipungie kidole. Mama anasema huko ni kupumbazwa akili, na kwamba sijui nitawekewa nini nikiwa sina fahamu zangu. Nami siwezi kuwajibu, kwa sababu hofu zao ninazo pia.

Naomba unieleze kama hii ni tiba ya kweli, nitamjuaje mtaalamu wa kuaminika, na kama niende Nairobi, nitibiwe kwa njia ya video, au nitafute mtu wa hapa hapa. La mwisho ndilo linalonitesa zaidi. Nikitibiwa, si nitamsahau mdogo wangu? Maumivu haya ndiyo kitu pekee kilichobaki kati yangu na yeye. Nikiyaondoa nitakuwa nimemwacha mara ya pili.

Msomaji, Likoni


MSHAURI ANAJIBU

Waalaikumu salaam, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa, na pole kwa miaka miwili ya kuubeba mzigo huu huku ukisimama mbele ya darasa kila siku. Umeniambia jambo la kiti ambalo hujamwambia mtu mwingine duniani, na nimelipokea kwa heshima.

Kabla ya yote, nina swali ambalo siwezi kulipita. Umeandika kwamba ziko siku unatamani ungekufa wewe. Kuna kutamani kwa mfiwa, kwa maana ya kwamba ungekubali kuwa mahali pake ili yeye aishi, na kuna kutamani kunakoanza kutafuta njia ya kufa. Sijui lako ni lipi kati ya hayo. Ikiwa ni la pili, au likiwa la pili usiku wowote ule, usisubiri tiba ya aina yoyote tunayoizungumza hapa: mwambie mume wako usiku huo huo, fika hospitali iliyo karibu, au piga nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo haina malipo. Na vile vidonge, mwonyeshe daktari ajue ni vya aina gani na umevitumia kwa muda gani. Usiviache ghafla kwa uamuzi wako, kwa kuwa baadhi ya dawa za usingizi huleta madhara zikikatwa mara moja.

Nikiisoma barua yako naona maswali mawili yamefungwa pamoja. La kwanza ni la njia na mtu: tiba ipi, kwa nani, wapi. La pili ni kama una ruhusa ya kupona. Naona la pili ndilo lililokufanya uichane barua mara nne, lakini nitaanza na la kwanza, kwa sababu majibu yake yanaandaa njia ya kufikia lile jingine.

Tiba aliyokueleza mwenzako hujulikana kwa wataalamu kwa herufi EMDR. Ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, ambaye mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini akagundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali wakati macho yake yalipokuwa yakienda upande huu na huu. Mwaka 1989 alichapisha utafiti wake wa kwanza, uliokuwa na watu 22 tu waliopatwa na kiwewe, wakiwemo askari waliopigana Vietnam na watu waliodhulumiwa kijinsia. Wanasayansi wengi waliipokea kwa shaka, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Tafiti nyingi zilifuata, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja katika mwongozo wake kuwa mojawapo ya tiba zinazopendekezwa kwa watu wenye ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe. Kwa hiyo mume wako anaweza kujibiwa bila kusitasita kwamba hii ni tiba iliyopimwa. Kile ambacho wataalamu bado wanabishania ni sababu ya kufanya kazi kwake. Wapo wanaosema kinachoponya ni kule kuikabili kumbukumbu ukiwa mahali salama, na kwamba macho hayana mchango mkubwa. Wengine, hasa watafiti wa Uholanzi, wanaeleza kwamba akili ina nafasi finyu ya kushika mambo kwa wakati mmoja, hivyo unapoishika picha ya kutisha huku ukifuata kidole kinachokwenda na kurudi, ile picha inakosa nafasi, inafifia, na inarudi kuhifadhiwa ikiwa na makali machache. Maelezo haya ya pili ndiyo yanayonishawishi mimi zaidi, ila mtu aliyepona hahitaji mjadala huo uishe ndipo apone.

Kuhusu hofu ya mama, mwambie kwa upole kwamba katika tiba hii hakuna kulazwa usingizi wala kuondolewa fahamu. Unakuwa umekaa kwenye kiti, macho wazi, unajua uko wapi na nani yuko mbele yako, na mnakuwa mmekubaliana mapema ishara ya mkono ambayo ukiitoa kila kitu kinasimama. Mtaalamu hakuwekei maneno. Anakuuliza umeona nini sasa, kisha anaacha akili yako iendelee yenyewe. Na kama mtaalamu ni mwanamume na wewe unajisitiri, hapana haja ya kuguswa: wapo wanaotumia sauti inayolia sikio hili kisha lile, na ipo njia ya kujikumbatia mwenyewe na kujigonga mabega kwa zamu, ambayo ilianzia Mexico kwa watoto walionusurika kimbunga kilichopiga Acapulco mwaka 1997. Sioni kinachogongana hapa na kisomo. Umesema mwenyewe kwamba kisomo kilikutuliza, na utulivu huo ni akiba. Mtaalamu mzuri atakuuliza ni kitu gani hukutuliza, nawe utamjibu hicho.

Sasa nizungumzie yule mshauri wa pili, kwa sababu nahofia umejifunza kwake jambo lisilo sahihi. Umetoka pale ukiamini kwamba wewe ni mtu asiyeweza kuliangalia lililompata. Tazama tena. Ulitakiwa ulisimulie jambo zito kuliko yote maishani mwako mbele ya mtu uliyemfahamu kwa saa moja, bila kufundishwa kwanza namna ya kujituliza, na bila mtu kuhakikisha kwamba unaondoka pale ukiwa umetulia. Yeyote angelala macho siku tatu. EMDR ina hatua nane, na zile mbili za mwanzo hazigusi ajali hata kidogo: ya kwanza ni kufahamu historia yako na ya pili ni kukuandaa, kwa mfano kujenga akilini mahali pa utulivu unapoweza kukimbilia. Kwa mtu ambaye, kama wewe, hujikuta ng'ambo bila kukumbuka alivyoteremka kwenye feri, maandalizi hayo yanapaswa kuchukua muda mrefu zaidi, na jambo hilo la kupotewa na muda ulitaje mapema kabisa, pamoja na kifafa, ujauzito au ugonjwa wa macho kama vipo. Baada ya hapo ndipo mnachagua picha moja na neno ambalo picha hiyo inakuambia juu yako mwenyewe. Huenda neno lako ni "Mimi ndiye niliyemuua". Utaulizwa pia ungependa uweze kuamini nini badala yake, labda "Sikuwa na njia ya kujua", na utaambiwa upime kwa kipimo cha 1 hadi 7 jinsi maneno hayo yanavyosikika kuwa kweli. Siku ya mwanzo watu wengi hutaja 1 au 2, na mtaalamu hawalazimishi. Huchezesha kidole kwa nusu dakika hivi, anasimama, anasikiliza, anaendelea. Kikao huchukua dakika 60 hadi 90, na kwa tukio moja kama lako mara nyingi hupangwa vikao 6 hadi 12, ingawa wapo wanaohitaji zaidi. Tena huhitaji kusimulia kila kitu kwa kinywa. Hata habari ya kiti unaweza kuishughulikia ukiwa umemwambia mtaalamu machache tu.

Hata hivyo haitakuwa rahisi, na nisingependa mtu akudanganye. Baada ya kikao, siku mbili tatu, ndoto zinaweza kuzidi na machozi yakaja bila sababu, kwa kuwa kilichoguswa huwa bado kinatulia. Ndiyo maana swali lako la Nairobi au Mombasa linanigusa. Kwenda Nairobi kungekupa mtu ambaye mwenzako amemjaribu, na ipo treni, hivyo huhitaji kupita kwenye barabara ile. Lakini nakuuliza: utarudi siku hiyo hiyo, ukiwa na kilichofunguliwa asubuhi, ukae peke yako kwenye behewa kwa saa kadhaa? Au kuna ndugu wa kulala kwake? Tiba kwa video inafanyika na watu hufaidika nayo, ila inadai chumba chenye mlango unaofungwa, mtandao usiokatika katikati ya jambo zito, na mtu mzima aliye karibu ambaye mtaalamu anaijua namba yake. Kwenye nyumba yenye watoto wawili, je, saa hiyo moja na nusu inapatikana? Mume wako anaweza kuilinda? Labda inawezekana kuchanganya, yaani vikao vya maandalizi viwe kwa video na vile vizito viwe ana kwa ana wakati wa likizo ya shule, jambo la kumuuliza mtaalamu mwenyewe.

Njia ya tatu ni mtu wa hapa Mombasa asiyetumia EMDR lakini anayejua kutibu kiwewe. Usiione kuwa njia ya wasio na uwezo. Mwongozo ule ule wa mwaka 2013 unapendekeza pia tiba ya kurekebisha fikra na mienendo inayolenga kiwewe. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, watu wa kawaida kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe walifundishwa kutibu kiwewe kwa kumsaidia mtu kuisimulia hadithi ya maisha yake yote, mazuri na mabaya, na matokeo yalikuwa mema. Kusimulia huko si kule ulikokutana nako kwa mshauri wa pili. Kuna mpangilio na kuna mtu anayekushika njiani. Tena kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya umma huenda ikapunguza ile hesabu ya ada anayoifanya mume wako, hata kama utasubiri foleni.

Popote utakapoelekea, mchunguze mtu kabla ya kuichunguza njia. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 iliyounda bodi ya kuwasajili washauri nasaha na wanasaikolojia, hivyo una haki ya kumwomba mtu namba yake ya usajili, na asiyependa kuulizwa amekwisha kujibu. Kama anasema anafanya EMDR, muulize amefundishwa wapi, kama mafunzo yalikuwa na mazoezi ya vitendo, na kama yuko mtaalamu mzoefu anayemsimamia, kwa sababu kupunga kidole kunaweza kuigwa na yeyote aliyetazama video jioni moja. Muulize atafanya nini iwapo utazidiwa katikati ya kikao. Msikilize anavyokujibu zaidi ya anachokujibu. Anayekuahidi kupona kwa kikao kimoja mwogope, na anayetaka kuanza na ajali siku ya kwanza unamjua tayari. Unaweza kwenda mara moja au mbili, ukaona moyo wako hautulii kwake, ukamshukuru na kumtafuta mwingine. Hilo halitakuwa kushindwa kwa mara ya tatu.

Nije sasa kwenye swali la kumsahau.

Unasema maumivu ndiyo kitu pekee kilichobaki kati yenu. Naelewa kwa nini inaonekana hivyo, lakini naomba tuliangalie taratibu. Kumbukumbu ya kiwewe haitulii mahali pake kama kumbukumbu nyingine. Inabaki mbichi, yenye harufu na sauti zake, na inapojitokeza husukuma kando kila kilichokuwepo kabla yake. Wanaopata nafuu kwa tiba hii hawasemi kwamba wamesahau. Wanasema jambo lile sasa limekuwa lililopita: nakumbuka lilitokea, nahuzunika, lakini silimo tena ndani yake. Huzuni ya kufiwa hubaki, kwa kuwa huzuni si ugonjwa, na hapana mtaalamu mwaminifu atakayetaka kukuondolea. Baadhi yao husema jambo jingine ambalo wewe hukulitarajia, kwamba ile picha ya mwisho ilipolegea, picha za zamani zilizokuwa nyuma yake zilianza kurudi. Siwezi kukuahidi kwamba kwako itakuwa hivyo. Nakuuliza tu kama huenda ni maumivu yenyewe, wala si tiba, ambayo yamekuwa yakikusahaulisha.

Kuhusu kiti, sitakuambia kwamba huna hatia, kwa sababu nadhani ukiambiwa hivyo na mgeni hutasadiki. Nitakuuliza lingine. Mdogo wako alipokuomba dirisha kwa sababu alikuwa akiumwa, ungemkatalia ungekuwa dada wa namna gani? Uliyofanya Voi uliyafanya kwa kumhurumia, kwa yale uliyoyajua saa ile. Kama ipo siku utamwambia mama au mumeo, ni uamuzi wako, nawe hulazimiki kuufanya ili utibiwe. Ila siri hii umekaa nayo peke yako kwa miaka miwili, na sijui kama uzito unaouhisi ni wa kile kilichotokea tu, au pia ni wa kukaa nacho kimya.

Ukiona unaweza, wiki hii piga simu moja, kwa mtaalamu wa Nairobi au kwa kliniki ya hapo mjini, usijifunge kwa lolote. Sema tu: "Nilipata ajali, nilifiwa, mara nyingine napotewa na muda, na nilizidiwa mara ya mwisho nilipotakiwa kusimulia. Je, wewe huanza vipi na mtu kama mimi?" Kisha nyamaza usikilize. Ukishapiga, niandikie tena. Na katika barua hiyo nieleze mdogo wako alikuwa nani, alicheka vipi, alipenda kupika nini, mligombania nini mlipokuwa wadogo, kwa maana katika barua yako hii yote hukuniambia lolote juu yake ila namna alivyokufa.